Tata wa Dawati la Mbele

Mimi nikinyamaza kwa muda wa kuchemsha chai, mama huja kunishika paji la uso aone kama nina malaria. Ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo Madam Indu alipoingia Gredi ya Kumi na mfuko wa maharagwe, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kusema darasani kuna malipo, nilijua ni mimi ninayetafutwa.

"Kila mtu atapata maharagwe yake," alisema akipita kati ya madawati. "Ukitaka kuchangia, unaweka moja kwenye sahani hii. Yakiisha, umeisha. Na atakayebaki nayo mwisho wa kipindi atanieleza kwa nini."

Madam Indu alitufundisha Historia na Uraia. Alizaliwa Kisii mjini, nyuma ya duka la vitambaa la wazazi wake, na Ekegusii chake, lugha ya huku aliyoiokota kwenye kaunta, kilinishinda mimi niliyekaa Ikonge miaka mitatu tangu baba ahamishiwe kiwanda cha chai kutoka Homa Bay. Alikuwa mpole, lakini alichoka kusikiliza watu wale wale. Watu wenyewe ni mimi, Ronny, na Ronny tena.

Ronny alikuja kwetu mwaka huu kutoka Kiogoro, karibu na mjini, akakaa dawati la mbele kama aliyeandikiwa jina. Alikuwa na Sheng ya Nairobi ambayo sidhani aliitoa Nairobi, na kila swali alilijibu kabla halijaisha kuulizwa. Mara nyingine alijibu lisiloulizwa.

Jirani yangu wa dawati, Nyakerario, hakujibu kitu. Darasani alikuwa kimya tangu Ronny aje, kimya kabisa, uso chini, kalamu mkononi. Ajabu ni kwamba njiani kurudi nyumbani, tukishapita mashamba ya chai, huyo huyo alinishinda mimi kwa maneno. Mimi, Mitchell Otiende! Alitaka kuwa wakili, na kila siku alinishtaki kwa kosa jipya: kwa nini nimemkatiza, kwa nini nimekula mahindi yake, na ushahidi uko hapa. Sikuwahi kushinda kesi hata moja.

Basi maharagwe yangu yaliisha kabla Madam hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Nikabaki nimefura maneno. Ndipo mkono wa Nyakerario ukaja chini ya dawati, ukaniwekea maharagwe yake yote kiganjani.

"Sema hivi," akaninong'oneza. "Chifu wa mkoloni alilipwa na serikali, kwa hivyo aliogopa serikali. Mzee wa ukoo alilishwa na watu wake, kwa hivyo aliwaogopa watu wake."

Nikasimama, nikalipa, nikasema. Madam Indu aliweka chaki chini. "Mitchell, leo umekula nini?"

Hapo ikaanza biashara nzuri sana. Yeye akitoa akili na maharagwe, mimi natoa mdomo. Kwa wiki mbili hivi nilikuwa mwanafunzi bora wa Historia, na nilianza kuamini mwenyewe, mpaka siku Madam alipoamua kuniuliza swali la pili juu ya lile nililotoka kulijibu. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikamtazama Nyakerario, naye alikuwa ameziba kinywa kwa kiganja asicheke.

Madam hakuwa mjinga. "Nyakerario, maharagwe yako yako wapi?"

Nyakerario akaonyesha sahani kwa kidole.

"Yameishaje, na mimi sauti yako siijui?"

Darasa zima likacheka, Ronny juu ya wote. Kwa bahati mbaya Mwalimu Onchiri, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa akipita nje. Akaingia. Mwalimu Onchiri ni mtu wa hapa hapa, na ulimi wake hauna habari na herufi L. Sina haki ya kucheka, kwani baba yangu mwenyewe husema "sule" badala ya "shule" mpaka leo.

"Huyu ndiye ariyeniandikia eti anataka kuwa wakiri?" aliuliza. "Wakiri bubu! Atamtetea mtu kwa macho?" Akamgeukia Madam Indu. "Muhura huu una mjadara wa mwisho. Nitakuja kukaa hapo nyuma. Asipofungua mdomo siku hiyo, nitamhamishia kwa wanaosoma ushonaji. Huko cherehani ndiyo inaongea."

Hakuwa anatisha tu. Mwaka huu alishahamisha wengine, na karatasi zao hazikurudi. Nyakerario hakulia. Alikwaruza dawati kwa ukucha mpaka kengele ikalia. Njiani aliniambia neno moja tu, naye si mtu wa neno moja: "Nikienda kushona, sheria imekwisha."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Onchiri, nikamkasirikia na yeye. Mtu ana maneno tele, kwa nini ayafungie? Udadisi ni ugonjwa wangu mwingine, usio na dawa hata katika zahanati anakofanya kazi mama. Nikaanza kumchunguza rafiki yangu kama mtu anayetafuta mahali paa linapovuja.

Wa kwanza kunipa dokezo alikuwa Ronny mwenyewe, bila kujua. Siku moja alitumwa ofisini kuleta ramani. Mlango ulipofungwa tu nyuma yake, mkono ukapanda kando yangu. Nyakerario! Akasimama, akaweka haragwe lake kwenye sahani, akasema kwa sauti ambayo ilifanya hata waliolala wageuke. Alikuwa anaeleza jinsi mipaka ya maeneo ilivyochorwa. "Na watu wenyewe hawaku—" Mlango ukafunguka. Ronny akaingia na ramani begani. Nyakerario akakaa, sentensi yake ikiwa imekatika katikati.

Madam alidhani amesahau. Mimi sikudhani hivyo.

Dokezo la pili nililipata kwenye tangi la maji. Ronny alikuwa amesimama katikati ya njia akijisifu kwa wenzake. Nyakerario alipofika, alitoka njiani, akapita kwenye matope na viatu vyake vyeusi, akainamisha kichwa na kusema polepole, "Tata."

Sasa, Ekegusii kimeshanitia aibu zamani. Kwao "baba" ni mama. Mwaka wa kwanza hapa rafiki mmoja aliniambia kwa furaha kwamba baba amejifungua, nikakimbia nyumbani kumpa mama habari za muujiza. "Tata" ndiyo baba, hilo nilijua. Lakini sokoni Ikonge nimesikia wamama wakimwita hata mtoto anayetambaa: njoo, tata, chukua ndizi. Ni neno la kubembeleza. Nikajumlisha moja na moja, nikapata mapenzi.

Jioni nikambana. "Nyakerario, sema ukweli. Unampenda Ronny."

Aliangusha vitabu akashika masikio kwa mikono yote miwili. "Mitchell! Wewe! Ni tata!"

"Ndiyo, nimekusikia ukimwita."

"Si hivyo! Ni tata kabisa. Ni baba yangu!"

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Palikuwa na unyevu lakini sikujali. "Ronny ana miaka kumi na sita," nikasema.

"Miaka si kitu." Alianza kuokota vitabu, akinieleza kama anayemfundisha mtoto wa chekechea. "Baba yake Ronny na marehemu babu yangu ni ndugu. Mzee mmoja, nyumba mbili, yaani wake wawili. Babu alikuwa wa kwanza kwa nyumba kubwa, baba ya Ronny ni wa mwisho kwa nyumba ndogo. Kwa hivyo Ronny na tata yangu ni kama ndugu. Ndugu ya tata ni tata, hata akiwa kwa nepi."

"Basi umsalimie kwa heshima, kisha ujibu maswali yako."

"Hujui chinsoni," alisema, na hapo akainamisha macho kama vile Ronny yuko nasi. "Ni haya. Haya ya mtoto na mzazi. Mbele ya tata sipandishi sauti, simkatizi, simwambii amekosea mbele ya watu. Na mambo ya mwili, mimba, mapenzi, hayo siyataji hata kidogo. Nikiyataja nimejivua nguo mbele yake. Sasa unajua mjadala wa mwisho ni wa nini?"

Nilijua. Madam alikuwa ameshaubandika: msichana aliyepata mimba arudi shuleni. Ronny alikuwa amejitolea kupinga. Nyakerario alikuwa amepangiwa kumjibu.

"Ronny mwenyewe anajua kama ni baba yako?"

"Amekulia mjini huyo. Angejua angeongea namna hiyo mbele yangu? Chinsoni inamfunga na yeye. Lakini mimi nimelelewa na magokoro, nyanya yangu. Akisikia nimempinga tata, sijui nitaingilia mlango gani."

Alinikubalia nimwambie Madam Indu, maana hapakuwa na njia nyingine. Madam alisikiliza akishika shavu. "Kwetu dukani kila mteja mwenye mvi ni tata," alisema. "Miaka yote hiyo ninalitamka, sikujua limebeba mzigo huu." Akamwita Ronny faraghani, akamweleza kwa upole, akidhani akijua ataona haya apunguze mdomo.

Ronny akapunguza? Thubutu! Kesho yake aliingia darasani mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba. "Wasee, kumbe mimi ni buda!" akatangaza. "Nina mtoi mkubwa hivi na sijalipa hata nepi." Akamtuma Nyakerario maji ya kunywa, naye akaenda. Nyakerario akikohoa, Ronny anasema, "Kimya, mtoto, buda anaongea." Wavulana wakamwita Mzee. Nilimchukia kwa roho yangu yote, na sioni aibu kulisema.

Madam akaona dawa yake imekuwa sumu. Akapendekeza siku ya mjadala Ronny aseme hoja zake kwanza, kisha atoke nje Nyakerario ajibu.

Nilidhani rafiki yangu atafurahi. Alitikisa kichwa. "Nikiwa mahakamani na hakimu awe wa ukoo wetu, Madam, nitamwomba atoke nje?"

"Basi utafanya nini?"

"Sijui. Lakini asitoke."

Siku hiyo tulitembea bila kesi. Mimi nilikuwa nauliza tu, maana nisipouliza naumwa. Je, kaka anaweza kutaniwa? Kiasi. Shangazi? Ogopa. Mama mkwe wa mtu? Nyakerario akapiga kelele nisitaje hata jina. "Na babu?" nikauliza. "Kwetu Wajaluo babu anataniwa mpaka anakimbia."

"Hata kwetu," alisema. "Sokoro ni wa kucheza naye. Unaweza kumwambia hana meno, unaweza kumwambia mambo ya bibi zake, hakuna haya hapo. Sokoro na mjukuu ni sawa na..." Akasimama. Alisimama katikati ya barabara na bodaboda ikampigia honi. Macho yake yalikuwa mahali pengine kabisa.

"Nini?" nikauliza. "Nini, Nyakerario? Sema!"

"Ngoja nikamuulize magokoro kitu."

Kesho yake alikuja amenuna na anacheka kwa wakati mmoja. Nilimbembeleza, nikamtishia, nikamwahidi mandazi. Hakusema. Nilikaribia kupasuka.

Siku ya mjadala Mwalimu Onchiri aliketi nyuma, fomu ya kuhamisha imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Ronny akafungua kwa kupinga. Nimpe haki yake, alisema vizuri. Shule ni mahali pa masomo, si kliniki. Aliyechagua kuwa mzazi akae alee, wengine wajifunze kwake. Akirudi, wadogo wataona ni mchezo. Akamaliza kwa kumgeukia Nyakerario: "Ni hayo tu, mtoto wangu." Wavulana wakapiga madawati.

Nyakerario akasimama. Uso ulikuwa chini. Nikasikia shati la Mwalimu Onchiri likichakacha, mkono wake unatafuta karatasi.

"Madam," alisema Nyakerario, bado anatazama sakafu, "kabla sijajibu hoja, naomba kumuuliza anayepinga. Jina lake la nyumbani ni nani?"

Ronny akacheka. "Matundura. Kwani?"

"Ni jina la nani hilo?"

"La bro mkubwa wa buda yangu. Alidedi kabla nizaliwe, wakanipatia mimi."

"Na huyo ndugu mkubwa ni nani kwangu?"

Nyuma ya darasa Mwalimu Onchiri alianza kucheka polepole, tumbo likitikisika. Alikuwa wa kwanza kuona njia inakoelekea. "Ni sokoro yako huyo," akajibu mwenyewe.

"Ni sokoro yangu," Nyakerario akasema. "Kwa kuzaliwa, huyu Ronny ni tata, na mimi nanyamaza. Kwa jina, huyu ni Matundura amerudi. Magokoro akikutana naye njiani hatamwita Ronny, atamwita mzee wangu, na atamdai sukari. Sasa mtu hawezi kuwa baba yangu na baba ya baba yangu kwa kiti kimoja. Lazima nichague mmoja. Nimechagua babu. Kama kuna anayepinga, asimame."

Hakuna aliyesimama. Madam Indu alimtazama Mwalimu Onchiri, maana yeye ndiye mwenye mila. Onchiri alipangusa machozi ya kicheko. "Ametafuta mrango akaupata," alisema. "Enderea, mama."

Hapo Nyakerario akainua uso, akamtazama Ronny machoni kwa mara ya kwanza tangu aje shuleni kwetu.

"Sokoro," alisema, "hiyo suruali imekubana sana. Itapasuka mbele ya wajukuu."

Darasa lililipuka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ronny alijaribu kucheka nasi. "Manze, sasa mimi ni guka?" Lakini Nyakerario hakungoja kicheko kiishe.

"Sokoro, umesema msichana akipata mimba akae nyumbani alee. Basi nikuulize wewe mwenyewe. Magokoro alikuwa darasa la saba. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu, anawashinda wavulana wote, na wewe ulikuwa unamnakili. Ukampa mimba. Wewe ukaendelea na shule, ukawa karani wa kiwanda. Yeye ukampa kikapu cha kuchumia chai. Amechuma mpaka vidole vimepinda. Juzi nilimuuliza habari ya jina lako, akanieleza haya yote, akaniambia nije nikuulize mbele ya watu, kwa sababu wewe ulikufa hujamjibu. Kosa lilikuwa la watu wawili, Sokoro. Kwa nini shule ilipotea ya mmoja?"

Hakuna aliyecheka tena. Nyakerario hakukaa. Alikuwa bado anamtazama, akingoja jibu kama mtu aliyetumwa kweli.

Ronny akasimama. Akawageukia wavulana wake, wakatazama vitabu. Akamtazama Madam. Mwishowe akasema, kwa Kiswahili kitupu kisicho na Sheng hata chembe, "Na arudi."

"Unasema kwa upande wako wa mjadala?" Madam Indu akauliza.

"Nasema kwa niaba ya mzee." Akakaa. Kisha akasimama tena. "Na kwa upande wangu pia."

Mwalimu Onchiri alikuja mbele akijipenyeza kati ya madawati. Alitoa ile fomu mfukoni, akaichana vipande viwili, akaviweka kwenye sahani juu ya maharagwe. "Huyu hahami," alimwambia Madam. "Asishone hata kifungo." Nyakerario alikaa chini ghafla, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Nilitaka kumwambia kitu. Mimi, Mitchell Otiende, sikupata neno. Nililia tu kama mtoto, na yeye akaniuliza ninalia nini.

Jioni tulipitia kwao. Magokoro alikuwa kwenye benchi nje ya jikoni anachambua chinsaga, mboga imejaa kwenye uteo. Nyakerario akamweleza kwa Ekegusii, haraka haraka. Mimi nilishika maneno machache tu, lakini nilijua habari imefika wapi kwa kutazama ile mikono. Ilikuwa inachambua, ikapunguza mwendo, ikaacha.

"Amesema nini?" Magokoro aliuliza kwa Kiswahili, ili na mimi niwe shahidi.

"Amesema urudi," Nyakerario akamjibu.

Mama mzee alitazama vidole vyake vilivyopinda. Nilifikiri atalia, nikajiandaa kulia naye.

"Amechelewa," akasema. Kisha akasogeza uteo kando, akanipisha nafasi kwenye benchi, akaniuliza kama hesabu za siku hizi bado ni zile zile.